Siti za leza kwenye joto la Dar ni mateso, tuache kudanganyana

Wakuu, nimechoka.

Kila tangazo la gari ni "leza ndani, AC ya kufa mtu". Ukiomba wapunguze bei, dalali anakuonyesha siti. Hivi hao jamaa wamewahi kuegesha gari Kariakoo saa saba mchana mwezi wa pili, halafu waingie na suruali nyepesi?

Paja linaungua. Mwanangu akiingia na kaptula yake ya shule analia kabla hata sijawasha gari, na kile chuma cha mkanda hakishikiki. Kule Arizona, Marekani, watafiti walishapima wakatoa majibu mwaka 2018: gari likikaa juani saa moja tu siku ya joto kali, siti inafika nyuzi 50 na dashibodi inakaribia 70. Na kule ni jangwani, hewa kavu. Sisi wa pwani tuna unyevu juu yake, jasho halikauki.

Hapo ndipo ngozi inapozidi kukera. Kitambaa kinapitisha hewa, kinanywa jasho. Ngozi ya gari siku hizi inapakwa rangi na utando wa plastiki juu ili isichafuke upesi, kwa hiyo jasho halina pa kwenda. Kaa foleni ya Mwenge kwenda Tegeta uone: unashuka shati limegandia mgongoni, unaingia kwa watu kama umetoka kuogelea. AC inapuliza kifua, mgongo je? Zipo siti zenye vitundu na feni ndani, najua. Hizo waachieni wenye hela zao.

Halafu hiyo "ngozi" yenyewe! Magari mengi, hata yaliyotoka hivyo kiwandani, ngozi ni pale unapokalia tu, ubavuni na nyuma ni plastiki. Za yadi ndiyo usiseme. Fundi makochi kabandika leza ya dukani juu ya kitambaa cha Kijapani kilichokuwa kizima kabisa, na wewe unaongezewa bei! Jua likiipiga kidogo inaanza nyufa, kisha maganda, na maganda yanahamia kwenye sketi nyeusi ya mama watoto. Ngozi halisi nayo inadai kufutwa vumbi na kupakwa mafuta yake, la sivyo inapasuka palepale dereva anapojiburuza kushuka. Siti za krimu zikikutana na jinzi mpya, umekwisha.

Utelezi sisemi sana. Kipilefti kimoja tu, watoto wote wamerundikana mlango mmoja.

Na mwisho tunafanya nini? Mke anatandika kanga, mume taulo, jirani ananunua siti kava. Yaani umelipia ngozi, unakalia taulo! Tena hizo kava ziangalieni: kama gari lako lina mifuko ya hewa ndani ya siti, ile ya ubavuni inayofumuka wakati wa ajali, kava lisiloachiwa nafasi upande huo linaweza kuizuia. Muuzaji hakwambii, yeye anakuuliza unataka nyekundu au nyeusi.

Sasa wadau, kuna aliyewahi kurudisha siti zake kuwa kitambaa? Nataka kile kigumu cha magari, si cha makochi ya sebuleni. Fundi yuko wapi na bei zake zikoje? Na asije mtu na habari za tinti, ninayo.