Tupeane uzoefu: ukishapungua, unakulaje?

Wakuu, habari za leo. Mbinu za kupunguza uzito tumeambiana sana. Mimi naulizia upande wa pili: ukishafika kilo ulizotaka, kesho yake unakula nini?

Nilianza na kilo 94 mwezi wa kwanza mwaka jana, mwezi wa kumi nikafika 78. Muda wote huo ugali nauona kwenye sahani za wenzangu. Siku niliyofika 78 nikala ugali na samaki, kesho yake wali. Siku ya nne mizani inasoma 80! Nikakimbilia tena matango na mayai ya kuchemsha, na mpaka leo napanda nashuka, nauogopa mwiko. Mliobaki palepale mlifanyaje?

*Mama Mapacha, Tanga*
Mkuu, hizo mbili si mafuta. Ukikaa bila wanga mwili unatumia akiba yake ya kwenye ini na misuli. Ukiurudisha, akiba inajaa tena, na kila gramu inakaa na maji kama gramu 3. Nilifafanuliwa na mtaalamu wa lishe baada ya kulia mbele yake. Kilo mbili za mafuta zinataka ziada ya kalori kama 15,000. Ugali gani huo wa siku nne?

Mimi nilishuka kutoka 82 hadi 68. Kurudisha chakula nilikwenda polepole: kipande cha muhogo asubuhi, nikakaa nacho wiki mbili, nikapima. Uzito haujasogea, nikaongeza wali nusu kikombe mchana. Nikasubiri tena. Ilichukua miezi mitatu hivi kujua mwisho wangu uko wapi, na mwisho wenyewe ni mdogo kuliko zamani. Nilipokuwa na 82, chapati mbili kila asubuhi zilipita kimya. Sasa mwili ni mdogo, mahitaji yamepungua, chapati mbili zinaonekana kiunoni. Hili hatuambiwi tunapoanza.

*Dereva wa masafa*
Mimi ni mfano wa kutofuata. Kilo 11 kwa supu na juisi ili suti ya harusi inikae. Fungate halijaisha nikawa nakula kama mfungwa aliyeachiwa. Zikarudi 11 na tatu za nyongeza. Suti anaivaa mdogo wangu.

*Mvita*
Huku kwetu mtihani ni Ramadhani. Futari ina kaimati, viazi karai, mahamri, na shangazi anakutazama usoni kama umekula. Kaimati sijaacha, ila napakua zangu tatu kisha naondoka kwenye sinia. Tui zito la wali nalo sasa ni la Ijumaa tu. Mizani sina. Nina suruali moja ya kitambaa, naivaa kila Ijumaa kwenda msikitini. Ikibana, wiki hiyo mahamri basi.

*Mwenye sukari*
Nitaongea kwa wenzangu tu. Kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usipunguze wala kurudisha wanga kimyakimya, mwambie daktari wako. Mimi nilipungua kilo 9, dozi ikabaki ileile, sukari ikashuka nikaanguka bafuni. Ilibidi ipunguzwe.

*Mwanzisha mada*
Asanteni sana. Dada wa Tanga, na njaa je? Nimeshiba saa nane, saa kumi natafuta karanga.

*Mama Mapacha, Tanga*
Njaa hiyo si uroho, kaka. Ukishapungua, homoni za njaa zinaweza kubaki juu hata mwaka mzima, mwili unadai ulichopoteza. Mimi iliyonisaidia ni kunde na maharage, karibu kila siku, na mboga nusu sahani. Karanga ni sawa, ila zihesabu, usile kutoka kwenye mfuko. Na mafuta ya kupikia pima kwa kijiko: kijiko kimoja cha chakula ni kalori kama 120, sisi tunamimina kwa macho.

*Mwanzisha mada*
Mrejesho. Leo mchana ugali ukubwa wa ngumi, matembele na dagaa. Mizani nimempa mke wangu aifiche mpaka Jumamosi. Ameipokea, halafu akauliza kama na yeye sasa anaruhusiwa kupika chapati.