Ushauri: Yadi ya Uingereza imenitengenezea gari likaharibika tena, sasa wanataka nilipie spea

Mama_Wawili

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa mnaoishi Uingereza na mafundi mlioko humu.

Naishi nje kidogo ya Leicester. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, yaani bila gari sina zamu. Huu ni mwezi wa nne tangu nichukue gari dogo la Kijapani, la mtumba, kwenye yadi rasmi ya kampuni, si la kuokota vichochoroni. Nilitoa amana, iliyobaki ni mkopo wa HP (hire purchase, unalipa kwa awamu) ambao yadi ndio walionitafutia. Gari halina pedali ya klachi, ni kuweka gia na kwenda.

Likaanza kutikisika wakati wa kuondoka, hasa kwenye foleni au nikianza kupanda mlima injini ikiwa imeshapata moto. Halafu gia inajitoa yenyewe, kwenye dashibodi inamulika N, yaani gia huru. Juzi imenitokea katikati ya kipilefti, lori liko nyuma yangu. Nilikuwa nimeshalirudisha yadi mara ya kwanza, wakakaa nalo, wakasema wamebadilisha kifaa kimoja cha klachi, wakanikabidhi bila kunidai. Halikumaliza hata mwezi, ugonjwa ule ule.

Sasa wanasema ni klachi nzima na mota yake, kwamba huo ni uchakavu wa kawaida na waranti haihusiki, nilipe pauni 1,450. Spea yenyewe hawana, inasubiriwa kutoka kiwandani na tarehe hawajui. Gari la kuazima hawatoi. Kaka yangu aliyeko Dar anasema kwenye maduka ya spea ya Gerezani ipo kwa bei ya chini sana, anaweza kunitumia.

Nilipe? Niagize Dar? Au nitafute gereji ya mtaani? Makato ya mkopo yanaendelea kila mwezi na gari limeegeshwa. Naumia sana.

Kijana_Ilala

Pole dada. Mwambie bro aende Gerezani au Ilala, atapata mpaka klachi ya gari lililokatwa, ikiwa bado nzima kabisa. Hao wazungu wanataka hela tu.

FundiSpana

Kijana, taratibu. Spea hainunuliwi kwa jina la gari.

Magari mengi ya "Kijapani" yanayouzwa Ulaya hayakuundwa Japani. Chukua mfano wa Toyota Yaris: nyingi za Ulaya zimeundwa Valenciennes, Ufaransa, wakati Vitz zilizojaa Dar zimetoka Japani. Kwa nje ni ndugu, ukifungua ndani injini, giaboksi na hata soketi za nyaya zinaweza kutofautiana. Kinachotakiwa ni namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17, ukaitumia kupata namba ya spea yenyewe. Bila hiyo, kaka yako atalipa mzigo wa ndege kwa kitu kisichoingia.

Sasa dada, kwa dalili zako, hilo si otomatiki kama tulizozoea nyumbani. Ndani kuna giaboksi ya kawaida na klachi ya kawaida, ila mguu wako umebadilishwa na mota inayoendeshwa na kompyuta. Nyumbani gari za hivi ni chache, ndiyo maana mafundi wengi wanazichanganya na otomatiki za kweli. Mota ikichoka au klachi ikilika, kompyuta inapoteza hesabu ya mahali klachi inaposhika. Hapo ndipo kutikisika kunapoanza, na ikishindwa kabisa inajitupa N.

Jambo kubwa: ukibadilisha mota au klachi kwenye mfumo huu, lazima uunganishe kompyuta ya kupimia na kuifundisha upya sehemu ya kushika. Kufunga na kuondoka hakutoshi. Omba karatasi ya kazi ya ile mara ya kwanza. Iandikwe namba ya kifaa walichofunga, kama kilikuwa kipya, na kama walifanya hiyo hatua. Wakishindwa kukuonyesha, una swali zito la kuwauliza. Na kama kifaa cha zamani bado kipo, waombe wakihifadhi.

Karani_Birmingham

Dada yangu, usilipe hata senti kwa sasa, wala usimruhusu fundi mwingine afungue giaboksi. Nieleze kwa nini.

Gari la HP si la yadi tena, na bado si lako. Mmiliki kisheria ni kampuni ya mkopo mpaka umalize awamu ya mwisho. Kwa hiyo aliyekuuzia gari bovu mbele ya sheria ni kampuni ya mkopo, na malalamiko yako yaende kwao kwa maandishi. Yadi wanajua hili vizuri, lakini wengi hawatakwambia, watakuzungusha kaunta kwa kaunta mpaka uchoke.

Sheria ni Consumer Rights Act ya 2015, yaani sheria ya haki za mlaji. Siku 30 za mwanzo unaweza kulikataa gari bovu moja kwa moja. Hizo zimekupita, lakini bado uko ndani ya miezi sita, na hapo ndipo nguvu yako ilipo: kasoro ikijitokeza katika kipindi hicho inahesabiwa ilikuwepo tangu siku ya kukabidhiwa, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo ni ya muuzaji. Wana nafasi moja ya kutengeneza. Wameitumia, imeshindikana. Sasa una haki ya kudai upunguziwe bei au kulirudisha gari kabisa, ingawa kwa magari wanaruhusiwa kukata kiasi kwa matumizi uliyokwisha kupata. Tena matengenezo yalipaswa kufanyika ndani ya muda unaofaa na bila kukusumbua kupita kiasi. "Spea haijulikani inakuja lini" kwa mtu anayeishi kwa zamu ni hoja yako, iandike.

Hilo neno "uchakavu wa kawaida" wanalipenda, na si uongo wakati wote. Kama gari lina maili nyingi na ni la bei ya chini, klachi kuchoka kunaweza kuwa uchakavu kweli. Ndiyo maana usibishane kwa maneno. Tafuta mkaguzi wa kujitegemea akuandikie ripoti; AA na RAC, kampuni za kusaidia madereva, wote wana huduma hiyo. Ingia pia tovuti ya serikali uangalie historia ya MOT, ule ukaguzi wa lazima wa usalama wa gari, kwa namba ya gari. Ni bure.

Kampuni ya mkopo wana wiki nane za kukujibu. Wakipita au wakikukatalia, peleka Financial Ombudsman Service, wasuluhishi wa malalamiko ya kifedha, haulipii chochote. Lakini usisimamishe makato ya kila mwezi. Najua inauma kulipia gari lililolala, ila ukisitisha unaharibu rekodi yako ya mikopo na unawapa wao hoja.

Otieno_MCR

Karani amesema vizuri, lakini wiki nane mtu atakula nini? Mimi hapa Manchester ningepeleka kwa mekanika wa mtaani, achukue spea kwenye yadi ya magari yaliyovunjwa, nilipe robo ya hizo pesa na Jumatatu niko kazini. Haki ni nzuri, kodi ya nyumba nayo haingoji.

Karani_Birmingham

Otieno, hoja yako naielewa kabisa, wengi wetu tumeishi hivyo. Ila akifungua leo, kesho muuzaji atasema "fundi wako ndiye aliyeharibu", na mkaguzi hatakuwa na cha kukagua. Atakuwa amelipa na bado anadaiwa mkopo wa gari ambalo hawezi kulirudisha. Kama shida ni zamu, akodi gari kwa siku za lazima na atunze risiti zote, aziweke kwenye madai.

FundiSpana

Naongeza kwa Otieno: mota ya mtumba nayo itahitaji kufundishwa na kompyuta, na si kila gereji ya mtaani ina kifaa hicho. Kwa pampu ya maji au breki ningesema nenda. Kwa hili hapana.

Bint_Malindi_Maskati

Pole sana mwanangu. Sisi huku Maskati tabu yetu nyengine. Mtu akinunua gari lililotoka Marekani kwa sababu ni rahisi, akilipeleka kwa wakala anaambiwa hili si la Ghuba, hatuna dhamana nalo. Hapo ndio unaranda maduka ya spea ya Wadi Kabir na Mabela, ukikosa unaagizia Sharjah. Kwa hivyo wewe mwenye karatasi za yadi rasmi usizidharau, wengine tunazililia. Ila nna suala: ile amana ulilipa kwa kadi gani?

Karani_Birmingham

Swali zuri sana bibie. Kama ni kadi ya mkopo, kuna njia ya pili: kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974 kinaibana benki pamoja na muuzaji kwa bidhaa ya zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000, hata kama ulilipia amana tu kwa kadi hiyo.

Mama_Wawili

Asanteni mno, Mungu awabariki. Amana nililipa kwa kadi ya kawaida ya benki, kwa hiyo hiyo njia ya pili sina.

Nimeandika barua kwa kampuni ya mkopo. Nimeeleza kasoro, tarehe za kupeleka na kurudishiwa, kwamba matengenezo ya kwanza yameshindikana na kwamba nataka kulirudisha gari. Yadi wamenipa karatasi ya kazi baada ya kuiomba kwa barua pepe. FundiSpana, imeandikwa kifaa kimebadilishwa, lakini hakuna mstari wowote kuhusu kuifundisha klachi upya. Nilipouliza, mtu wa kaunta alisema atanijibu. Hajanijibu.

Kampuni ya mkopo wamenipigia leo, wanaleta mkaguzi wao nyumbani wiki ijayo. Nina wasiwasi atawasha, atazunguka mtaa, aseme halina shida. Kaka nimemwambia asinunue kitu.

FundiSpana

Umefanya vizuri. Mkaguzi akifika mpe nakala ya ile karatasi kabla hajagusa ufunguo, umwonyeshe kwa kidole mahali panapokosekana. Muombe asome kumbukumbu za hitilafu kwenye kompyuta ya gari na aziandike kwenye ripoti, hata zile za zamani. Tangu leo usiruhusu mtu yeyote azifute, hata yadi wakisema wanataka kuangalia kidogo.

Na asiishie mtaani kwako. Aendeshe mpaka injini ishike moto, asimame mlimani, aondoke taratibu, arudie na arudie. Panda naye, na kama atakubali, rekodi dashibodi kwa simu.

Karani_Birmingham

Na uombe nakala ya ripoti yake kwa barua pepe siku hiyo hiyo. Ikiwa imekupinga, ilete humu tuisome, bado una nafasi ya kuweka ya kwako.