Mbeya, Iringa, Njombe: mfumo ukiganda mnauziwa seva mpya, hakuna anayepima!

Wakuu, habari za majukumu.

Hili limevuka mipaka. Kwenye SACCOS, maghala ya mpunga na maduka ya jumla huku Nyanda za Juu Kusini mchezo ni uleule. Mishahara ikiingia, au mpunga wa Mbarali ukianza kushuka, mfumo unaganda na foleni inafika nje. Mzabuni akiitwa ana jibu moja tu: "Seva imezidiwa, nunueni kubwa." Hela za wanachama zinateketea, na msimu ujao mfumo unaganda vilevile.

Imezidiwa nini? Prosesa, memori (RAM), diski au mtandao? Asiyeweza kujibu kwa namba hajafanya kazi aliyoitiwa.

Linaloudhi kuliko yote ni hili. Seva ina RAM ya GB 64, lakini ndani kuna SQL Server Express 2019, toleo la bure la programu ya hifadhidata ya Microsoft. Toleo hilo linatunza data kwenye memori mwisho MB 1,410, halitumii zaidi ya core 4 (viini vya prosesa), na hifadhidata moja haivuki GB 10. Mkiongeza RAM hata iwe GB 256, haiguswi. Hifadhidata ikijaa hizo GB 10, miamala mipya haiandikiki tena. MySQL nayo, programu nyingine ya hifadhidata, ukiiacha ilivyokuja, innodb_buffer_pool_size (memori inayotengewa data) ni MB 128. Kama mashine haina kazi nyingine, ipe nusu hadi robo tatu ya RAM. Ni mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, na mtu analipwa mamilioni bila kuufungua!

Halafu diski. Diski ya kawaida ya mizunguko 7,200 kwa dakika inamudu kusoma au kuandika kama mara 80 kwa sekunde. Nne zinatoa 320. Mzabuni anazipanga RAID 5 (RAID ni njia ya kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data isipotee) ili nafasi ionekane kubwa kwenye ankara, bila kusema kwamba kila uandishi mdogo kwenye RAID 5 unazaa kazi 4 za diski: kusoma data ya zamani, kusoma pariti (data ya ziada ya kurejeshea diski iliyokufa), kuandika data mpya, kuandika pariti mpya. Zile 320 zinabaki uandishi 80 kwa sekunde kwa matawi yote. RAID 10 ingewapa 160 kwa diski zilezile, na SSD mbili za daraja la seva zingemaliza kabisa ubishi huo. Prosesa hapo haina kosa lolote, inasubiri diski.

Wengine wanaleta ripoti: "Matumizi ya prosesa ni asilimia 20." Wastani wa saa 24, usiku wote umo, wakati saa 3 hadi saa 6 asubuhi ilikuwa 95! Muamala unaochukua sekunde 0.2 seva ikiwa tupu, kwa hesabu ya kawaida ya foleni unafika sekunde 0.4 matumizi yakiwa asilimia 50, sekunde 1 kwenye 80, na sekunde 4 kwenye 95. Ndiyo maana mfumo ulio salama tarehe 15 unakufa tarehe 25. Pangeni kwa siku ya malipo, na kilele kisivuke asilimia 70.

Matawi ya Tunduma na Makambako yana lao. Skrini inayoiuliza seva mara 200, kila swali na jibu likikaa njiani kwenye mtandao milisekunde 40, inafunguka kwa sekunde 8. Hapo dawa ni kurekebisha programu.

Vipimo ni bure. Kwenye Linux wekeni sysstat (kifurushi cha zana za vipimo), na wiki ya malipo mfanye sar, zana yake ya kurekodi matumizi, irekodi kila dakika 1 badala ya kila dakika 10. vmstat ikionyesha si na so (data inayohamishwa kati ya memori na diski) haziko sifuri muda mrefu, memori haitoshi. iostat -x ikionyesha r_await au w_await (muda wa kusubiri kusoma au kuandika) zaidi ya milisekunde 20 mfululizo, ni diski. Windows ina zana yake ya vipimo, Performance Monitor, tayari. Kabla ya yote, angalieni kama jedwali la miamala lina faharasa (index) kwenye namba ya mwanachama, maana bila hiyo kila taarifa ya akaunti inasoma jedwali zima.

Kamati za manunuzi, msisaini bila namba hizi mezani. Na walio na vipimo vya siku ya malipo waweke hapa: toleo la hifadhidata, aina ya RAID, RAM iliyotengwa, na await za saa 3 hadi 6 asubuhi.