Mzee kavuka miaka 80: presha itibiwe au aachwe?

Wakuu, kuna kauli imezoeleka kwenye familia zetu: mzee akishavuka 80, presha ni ya uzee tu, msimsumbue na vidonge. Naipinga, na nawakaribisha mnipinge.

Zamani kauli hiyo ilikuwa na mashiko, kwani watu wa umri huo walikuwa wachache mno kwenye tafiti. Mwaka 2008 yakatoka matokeo ya HYVET, utafiti wa dawa za presha kwa wazee: wagonjwa 3,845 wenye miaka 80 na kuendelea, namba ya juu ikiwa 160 au zaidi. Wapo waliopewa dawa ya presha iitwayo indapamaidi, wakiongezewa nyingine, perindoprili, ilipobidi, kwa lengo la 150/80. Wengine walipewa vidonge visivyo na dawa. Utafiti ulisitishwa kabla ya muda wake, maana nafuu ilishaonekana: kwa waliotibiwa vifo vilipungua kwa 21% na moyo kushindwa kufanya kazi kwa 64%. Nani yuko tayari kumnyima mzazi wake nafuu hiyo kwa sababu ya mwaka wa kuzaliwa?

Lakini wanaoogopa dawa wana hoja moja nzito. Wazee wa HYVET walikuwa na afya afadhali. Wenye ugonjwa wa kusahau na wanaohitaji uuguzi hawakuingizwa. Bibi aliyekonda, anayetembea kwa kushika ukuta, si kama wao. Anapimwa ameketi, inasoma 158, anaongezewa kidonge. Usiku anaamka kwenda msalani, presha inashuka ghafla, anaanguka, nyonga inavunjika. Hapo ndipo familia inaapa kutogusa dawa tena.

Kosa hapo ni kutompima akiwa amesimama! Apumzike dakika 5, apimwe. Asimame, apimwe tena baada ya dakika 1 na baada ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, dozi isiongezwe kwanza. Dawa zake zote zipitiwe, zikiwemo za usingizi na, kwa wanaume, za tezi dume, maana baadhi yake huangusha presha mtu anaposimama. Mashine ni ileile, kinachotakiwa ni dakika chache tu.

Kwa hiyo nasema mzee atibiwe, aanze na dozi ndogo, na asiongezewe kabla hajapimwa amesimama na kuulizwa kama ameanguka karibuni. Manesi na mnaolea wazee nyumbani, kwenye foleni ya kliniki hili linawezekana? Na aliyelala kitandani, asiyeweza kusimama kabisa, mnamwamulia vipi?