Pikapu ina miezi 14 tu, difu inalia. Niwarudishie niongeze hela nichukue jingine, au nivumilie?

Mzee wa Viazi

Wakuu, habari za jioni.

Naandika nikiwa Makambako, nimepaki pembeni ya kituo cha mafuta nasubiri mtu wa mzigo, na kichwa kinaniuma kwa sababu ya mlio mmoja tu.

Machi mwaka jana nilinunua pikapu dabo kebini ya dizeli, mpya, ile ambayo plastiki za viti unachana mwenyewe. Miaka 19 nimeendesha mitumba ya Japani. Ya mwisho niliiuza redio yake ikiwa bado inaongea Kijapani. Kwa hiyo hili jipya nililitolea jasho hasa: milioni 118, nusu hela ya viazi, nusu mkopo wa benki ambao bado una miezi 22. Leo lina kilomita 19,400.

Kwenye kilomita elfu kumi na moja hivi nikaanza kusikia mvumo nyuma, kama unatoka kwenye difu, lile boksi la gia katikati ya tairi za nyuma. Haigongi, haitetemeki. Ni kama mtu anaimba amefumba mdomo. Unaanza kwenye 70, unanoga kwenye 80, ukifika 95 unapotea, au labda upepo ndio unaufunika. Nikikanyaga mafuta upo kwa mbali, nikiachia ndio unajitokeza. Juzi nilishuka Kitonga kwa gia ya tatu, mguu juu, mke wangu akageuka kuangalia nyuma akidhani tumebeba mtoto wa mtu. Na kingine: asubuhi na baridi hii ya Njombe gari liko kimya kabisa. Nikishapita Kibena, likachemka kidogo, linaanza.

Nimelipeleka kwa waliouza, Dar, mara mbili. Mara ya kwanza walizunguka nalo mtaani kwenye foleni, sehemu ambayo hata 50 hufiki, wakaandika "hakuna tatizo lililobainika". Mara ya pili kijana mmoja akaniambia, "Mzee, haya magari ndivyo yalivyo." Nikamwomba tupande jingine la aina ile ile nisikie. Akasema yote yana wenyewe.

Sasa wiki hii wa mauzo kanipigia. Walichukue langu kwa milioni 84, mimi niongeze 46, nipewe toleo jipya. Mama watoto anasema tuchukue tupumue. Mimi moyo unasita, lakini kila nikiendesha sisikii redio wala mazungumzo, nasikia ule mlio. Waranti ni miaka 3 au kilomita 100,000.

Aliyewahi kupitia hili anisaidie mawazo. Naomba kuwasilisha.

Kijana wa Tegeta

Uza mkuu. Gari likishaanza kulia halinyamazi. Ongeza hela, kula maisha.

Fundi Uyole

Mzee, shikamoo. Huyo kijana wa juu msamehe, hela si yake.

Kabla hujauza ujue unauza nini. Kinacholia nyuma ya pikapu kinaweza kuwa kimoja kati ya vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya kila siku: tairi, beringi ya tairi, au difu yenyewe. Nimeshaona mtu kafungua difu nzima, kumbe tairi limeliwa upande.

Tairi hubadilika sauti na barabara. Toka kwenye lami ya kokoto nzito uingie lami laini: sauti ikibadilika, ni tairi. Hamisha pia ya nyuma yaje mbele. Mvumo ukihama nayo, umeshapata jibu bila kulipa mtu.

Beringi ya tairi haijali umekanyaga mafuta au umeachia. Inajali kona. Ukiwa kwenye 60 hivi, barabara iwe wazi, yumbisha gari taratibu kushoto na kulia. Ukikata kulia uzito unakwenda kushoto, na beringi mbovu ya kushoto itaongeza sauti. Halafu shuka uguse kati ya rimu ukiwa umetoka safari. Inayounguza kuliko mwenzake ndiyo mgonjwa.

Difu ndiyo inayojali mguu wako, na hapo ndipo maelezo yako yananitia wasiwasi. Mle ndani pinioni, gia ndogo inayozungushwa na propela (ile shafti ndefu inayoleta nguvu ya injini nyuma), inasukuma krauni, gia kubwa inayozungusha tairi. Ukikanyaga mafuta meno yanagusana upande mmoja, ukiachia gari ndilo linasukuma injini, meno yanagusana upande wa pili. Mlio unaokuja zaidi ukiachia, tena oili ikipata moto ikawa nyepesi, mimi huwa naanzia kwenye beringi za pinioni. Zikilegea, pinioni inatembea kidogo mbele na nyuma, na meno hayakai tena pale yalipopangwa kiwandani. Nafasi ya meno kwa meno pale ni sehemu ya milimita, kama unene wa karatasi ngumu. Ikikosewa kidogo tu, inaimba.

Ila usifungue difu mtaani! Wala kwangu usilete. Ukiweka spana kwenye plagi ya oili ya difu kabla yao, umewapa sababu ya kukukana.

Sasa nijibu kwa ukweli. Unabeba kiasi gani? Na umeongeza au kubadilisha kitu chochote huko nyuma?

Mzee wa Viazi

Marahaba fundi. Nilijua utauliza.

Nabeba gunia tisa, siku nyingine kumi. Ni za viazi, mnajua viazi vya huku. Na ndiyo, niliongeza jani moja la springi kila upande. Nilifanyia hapa hapa Makambako.

Fundi Uyole

Yaani hilo ndilo ulitakiwa kuanza nalo!

Mzee, gunia za huko ni lumbesa. Vipimo vinasema kilo 100, lumbesa inafika 130, inazidi. Kumi hizo zinapita tani na robo kwenye gari la tani moja. Na jani la springi linanyanyua gari, pembe ya propela kwenye difu inabadilika. Hiyo kwa kawaida huleta mtetemo zaidi kuliko mluzi, kwa hiyo sisemi ndiyo chanzo. Ila wale wa Dar wakiliona watalishika hilo hilo.

Uliongeza lini? Kabla ya mlio au baada?

Mzee wa Viazi

Baada. Risiti ninayo, kilomita zimeandikwa 15,100. Mara ya kwanza kulalamika kwao ilikuwa 11,600 na karatasi yao ipo.

Fundi Uyole

Basi hizo karatasi mbili ziweke pamoja na kadi ya gari. Na hayo majani yatoe. Ukienda waambie mwenyewe kwamba yalikuwepo, wasikukute nayo.

Mama Hesabu

Kaka yangu, mimi difu siijui, naijua kalamu. Umenunua 118, wanakupa 84. Milioni 34 zimeyeyuka kwa kilomita 19,400. Ni kama shilingi 1,750 kwa kila kilomita uliyoendesha, kabla hujaweka hata lita moja ya dizeli. Halafu hizo 46 za kuongeza zinatoka wapi, mkopo juu ya mkopo?

Tena kadi ya gari iko kwa nani? Kama ni benki, huwezi kuhamisha umiliki mpaka wakuachie. Hao wa mauzo wamekwambia deni la miezi 22 analimaliza nani, au wamekwambia tu uje na kalamu ya kusaini?

Na swali la kijinga: hilo toleo jipya, ekseli ya nyuma ni nyingine au ni ile ile, wamebadilisha taa na grili?

Waandikie barua, siyo simu. Eleza tatizo, tarehe, kilomita, na omba fundi wao aendeshe kwenye barabara kuu kwenye 80 wewe ukiwa ndani. Weka nakala. Wakikaa kimya, Tume ya Ushindani wapo, FCC, na hupokea malalamiko ya walaji. Mara nyingi ukishaitaja kwenye barua ya pili, watu wanakumbuka simu yako.

Mwalimu wa Fizikia

Wakuu, mnisamehe, mimi hufundisha sekondari mawimbi na sauti, nimeshindwa kupita kimya.

Mlio wa meno una hesabu yake. Tuseme krauni ina meno 41 na pinioni 10, uwiano wa 4.1, ambao si wa ajabu kwa pikapu. Tairi la 265/65R17 mzunguko wake ni kama mita 2.44. Kwenye kilomita 80 kwa saa tairi linazunguka mara 9.1 kwa sekunde. Zidisha kwa meno 41, unapata mara 373 kwa sekunde. Ukiwa na programu ya kupigia gitaa tyuni kwenye simu, mwenzako arekodi ukiwa 80, kisha 70. Kwenye 80 sindano ikienda kwenye 370 hivi, na kwenye 70 ikashuka hadi 325 hivi, unasikia meno ya krauni yakigusana na pinioni. Tairi au beringi ni vigumu kuangukia namba hizo hizo kwa bahati.

Soma uwiano wa gari lako kwenye kitabu chake, usitumie wangu.

Kijana wa Tegeta

Mwalimu umenirudisha darasani bila ridhaa yangu.

Mzee wa Viazi

Wakuu, nimerudi. Zimepita wiki tatu.

Nilihamisha matairi, mlio ukabaki palepale. Nikayumbisha gari kwenye ile nyoofu kabla ya Makambako, hakuna kilichobadilika. Nikagusa rimu zote nne, joto moja. Mwanangu wa kike alirekodi na simu. Kitabu kinasema 4.1 kweli, mwalimu. Kwenye 80 ya dashibodi tukapata 365, kwenye 70 tukapata 319. Nadhani dashibodi inajisifu kidogo, ndiyo maana iko chini ya namba zako. Binti alifurahi kuliko mimi.

Majani nikatoa. Barua nikaandika kama dada Mama Hesabu alivyosema, ukurasa mmoja, nikaambatanisha karatasi ya 11,600, risiti ya springi na zile namba za simu. Siku ya nne wakapiga wao.

Safari hii alikuja fundi mtu mzima, ana kitambaa begani. Hakuuliza mengi. Tulitoka nje ya mji mpaka barabara ikafunguka, akafika 80, akaachia mafuta. Akaachia tena mara ya pili. Akasema "Mh." Tukarudi.

Wakamwaga oili ya difu mbele yangu kwenye beseni. Ilikuwa nyeusi yenye mng'ao, kama uji wa ulezi uliopakwa fedha. Kwenye plagi ya sumaku kulikuwa na ute wa kijivu, akaniambia huo ni wa kawaida kwa difu mpya. Lakini alipoupangusa kwa kidole kukabaki vijiganda vitatu vyembamba, kama magamba ya dagaa. Hivyo akasema si vya kawaida. Akashika shingo ya pinioni pale propela inapofungwa, akasukuma na kuvuta. Hata mimi niliona ikicheza.

Wa ofisini alijaribu suala la springi. Nikamwekea karatasi mezani, 11,600 na 15,100. Akazisoma, akamwangalia fundi, fundi akaangalia pembeni.

Difu kamili inaagizwa kutoka nje, kwa gharama zao. Wamesema wiki tano, nami nimewaandikisha. Gari limebaki huko. Viazi vinatoka kwa Canter ya jirani, ananitoza 4,000 kwa gunia na hapokei lumbesa, kwa hiyo nimeanza kufunga gunia kama binadamu.

Yule wa mauzo kapiga tena jana, bado ana ofa yake ya milioni 84. Nikamwambia nitafikiria, ila kwanza anitajie ekseli ya nyuma ya hilo jipya ni ile ile ya kwangu au ni nyingine. Akasema atauliza anipigie.

Hajapiga.