Naomba ushauri: mtoto anafungwa chesi kwa hatua nne
Wakuu, habari za jioni. Mwanangu wa miaka 9 karudi kutoka shule analia: kafungwa chesi mara tatu, zote kwa hatua nne. Mwenzake anayecheza na kete nyeupe anasogeza askari hadi mraba wa e4, askofu c4, malkia h5, halafu malkia anakula askari wa f7 na mfalme hana pa kwenda. Kile kifungo cha hatua mbili, malkia mweusi h4, anakijua. Hasogezi askari wa safu za f na g ovyo.

Nimemwambia akishatoa farasi c6, malkia akija h5 azuie kwa g6. Malkia anarudi f3, anailenga f7 tena, mtoto anachanganyikiwa. Hapo ajibu farasi f6 au malkia e7? Sitaki akate tamaa, anaupenda sana mchezo huu.