Tupeane uzoefu: Serengeti Boys walikuumizia wapi?

Mkaa Benchi: Wakuu, asubuhi kwenye daladala konda kavaa jezi ya zamani ya Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, nembo imefutika, nikakumbuka AFCON U-17 ya Gabon 2017. Tulihitaji sare tu na Niger twende Kombe la Dunia la vijana India. Mali walioondoka na kombe tulitoka nao suluhu, Angola tukampiga 2-1, halafu tunakwenda kufa kwa Niger, 1-0! Pointi nne kwa nne, wakapita kwa kuwa walitufunga sisi. Kibanda umiza chote hakuna aliyedai chenji. Wewe walikuumizia wapi?

Chamazi Mwisho: Hiyo cha mtoto. Aje aliyekuwa Uwanja wa Taifa 14 Aprili 2019, AFCON U-17 kwetu, ufunguzi na Nigeria. Nilimpeleka baba mkwe, kanuna njia nzima kwamba namburuza kuangalia watoto. Ubao uliposoma 4-2 kwa Tanzania mzee alikuwa amesimama juu ya kiti, anaimba. Mimi na jirani nisiyemjua tulikumbatiana mpaka miwani yake ikavunjika. Nikasema Wanigeria leo wanalala. Wakarudisha moja. Wakarudisha ya pili. Jamaa aliyekwenda kununua maji alirudi akakuta 5-4, akauliza ubao umeharibika? Mzee akashuka kwenye kiti taratibu, hakunisemesha mpaka Mbagala. Baada ya hapo Uganda wakatupiga 3-0, Angola 4-2. Wenyeji, pointi sifuri.

Binti Ruvu: Nilikuwepo. Jezi ya kijani siitaki mpaka kesho.

Fundi Simu: Kocha alitakiwa kufunga duka ikiwa 4-2.

Mkaa Benchi: Watoto wa miaka 16 utawaambia wapaki basi?

Fundi Simu: Ndiyo. Mbona kufungwa walijua?

Kona Bao: Mashindano yenyewe yamejaa vijeba, watu wazima waliopunguza umri. Guinea walifika fainali mwaka huo, baadaye wakafutwa kwa tarehe za kuzaliwa zinazogongana.

Mzee wa Kaunta: Tusijifanye wasafi. 2005 tulifuzu kwenda Gambia tukaondolewa kwa kijeba wetu wenyewe. Na hiyo Gabon mnayoililia, Congo Brazzaville walishatutoa uwanjani. Walienguliwa kwa sababu mchezaji wao hakupelekwa kupimwa umri kwenye kifundo cha mkono.

Kona Bao: Kwa hiyo tuombe radhi?

Nyota ya Mtaa: Hapo kwenye kifundo nimeshindwa kunyamaza. Mdogo wangu aliitwa kambi ya vijana, timu siitaji. Mama aliuza mbuzi apate nauli na viatu. Wakapelekwa kwenye MRI, mashine ya kupiga picha ndani ya mwili, wakaambiwa mfupa wa kifundo ukishaungana wewe umezidi 17. Wa kwake ulikuwa umeungana. Akapandishwa basi usiku uleule. Sasa sikilizeni: dogo alikuwa na miaka 16 ya kweli! Kadi ya kliniki ipo, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama akiwa shambani. Kuna watoto wachache mfupa huwahi, lakini mtaani hilo nani atakuelewa? Alishuka stendi akakuta wenzake wanamwita Babu. Mwezi mzima alikwenda kisimani usiku.

Binti Ruvu: Jamani. Pole sana, dada.

Kona Bao: Wote husema hivyo.

Nyota ya Mtaa: Wewe Kona Bao njoo uione kadi.

Mzee wa Kaunta: Kona Bao, mwache binti wa watu.

Chamazi Mwisho: Wenye vipaji ndani, cheti cha kuzaliwa cha RITA mapema. Usingoje mtoto aitwe.

Fundi Simu: Mashine haisomi cheti. Apigwe picha kwanza, ndipo mama auze mbuzi.

Mkaa Benchi: Picha yenyewe si mbuzi mmoja, ni zizi. Mwacheni asome.

Mzee wa Kaunta: Zaeni Januari. Umri unahesabiwa toka tarehe 1 Januari ya mwaka wa kuzaliwa, wa Desemba anaonewa maisha yote.

Binti Ruvu: Mzee, mimba nayo ina ratiba ya TFF, shirikisho la mpira?

Kona Bao: Mimi nauliza tu, dogo bado anacheza?

Nyota ya Mtaa: Anacheza. Winga wa kushoto.

Kona Bao: Jumamosi tuna ndondo, mechi ya mtaani, Mbagala, winga wetu kaumia. Hatupimi kifundo.

Nyota ya Mtaa: Kwanza mwombe msamaha. Halafu nauli mnatoa?

Kona Bao: Nauli ya kurudi, tukishinda.